Yusef Lateef: teno, filimbi, oboe na basuni kwa mdomo mmoja. Alifanyaje bila kuziharibu zote?

#1 MwanziMkavu
Wakuu salaam.

Kila mwalimu wa ala za kupuliza ana wimbo uleule: shika ala moja, zingine zitakuharibia mdomo. Halafu unakutana na Mmarekani Yusef Lateef (1920–2013). Saksafoni ya teno aliipiga mpaka akaingia bendi ya Dizzy Gillespie mwaka 1949. Filimbi ya kulaza akaipiga kwa sauti nene inayotambulika ukisikia noti mbili tu. Oboe, ala nyembamba yenye ridi (ulimi wa mwanzi unaotetemeka) ya vipande viwili, akailiza bluzi. Basuni, jamaa yake wa sauti ya chini, akaongeza. Hapo sijagusa shanai ya India, arghul ya Misri, xun ya China na filimbi za mianzi alizojitengenezea. Juu ya yote hayo shahada tatu, udaktari ukiwemo, na miaka chungu nzima ya kufundisha vyuoni.

Aliwezaje? Nataka majibu ya ufundi, habari za "alibarikiwa" wekeni pembeni. Dai langu: oboe ndiyo iliyomkinga. Yeye ndiye wa kwanza kuiingiza kwenye jazz, hakuwa na wa kulinganishwa naye, kwa hiyo hakuna aliyejua akikosea. Nipingeni.

#2 Kibonyezo
Nakupinga asubuhi hii hii. Si wa kwanza. Don Redman alipuliza oboe kwenye orkesta ya Fletcher Henderson miaka ya 1920. Charlie Parker aliporekodi na vinanda vya nyuzi mwaka 1949, oboe ilikuwa kwa Mitch Miller. Bob Cooper wa California alirekodi oboe akijibizana na filimbi ya Bud Shank mwaka 1954. Lateef unamsikia na oboe kwenye rekodi za mwaka 1959.

Alichofanya tofauti ni kuitoa kwenye upambaji. Cooper anaipiga kama muziki wa sebuleni, mistari safi, imepangwa. Lateef anaingiza noti kwa chini, anaipinda kwa taya na pumzi mpaka inakaa mahali pake, kama mwimbaji wa bluzi.

#3 MwanziMkavu
Redman nilimsahau. Nafuta "wa kwanza". Dai lililobaki linasimama.

#4 Mzee wa Teno
Halisimami. Jibu liko kwenye tarehe, kijana. Hakujifunza zote kwa mpigo.

Saksafoni tangu akiwa sekondari Detroit, miaka ya 1930. Akazunguka na bendi kubwa miaka ya 1940, za akina Lucky Millinder na Roy Eldridge. Mwaka 1950 akarudi Detroit, akaingia Chuo Kikuu cha Wayne State kusoma utunzi na filimbi. Rekodi zake za kwanza kama kiongozi ni za 1957, na filimbi imo. Hesabu: miaka kama 7 kati ya darasa la filimbi na kuitoa hadharani kwa jina lake. Oboe akaisoma kwa Ronald Odemark, mpigaji wa Detroit Symphony. Basuni ikaja nyuma ya hapo.

Yaani kila ala ilipoingia, iliyotangulia ilikuwa imeshakomaa mdomoni. Wanaoharibika ni wanaonunua saksafoni Januari, klarineti Machi, filimbi Juni.

#5 NotiTamu
Subirini kwanza. Nimetafuta Gillespie 1949 na Lateef, simwoni. Naona Bill Evans. Huyo si mpiga piano wa Miles Davis?

#6 Kibonyezo
😂 Kila uzi wa Lateef lazima apatikane mmoja.

Alizaliwa William Emanuel Huddleston, Chattanooga, Tennessee. Familia ikahamia Detroit, baba akabadili ukoo kuwa Evans, hivyo mtoto akafanya kazi kwa jina la Bill Evans. Akajiunga na Waislamu wa Ahmadiyya akawa Yusef Lateef. Mpiga piano ni mtu mwingine kabisa, mzungu wa New Jersey.

#7 ZumariLaPwani
Wazee wa Nairobi watawakumbuka Ahmadiyya kwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ile ya 1953. Samahani, endeleeni.

#8 Bi Klarineti
Mzee wa Teno shikamoo. Tarehe nakubaliana nazo, ila hazielezi mdomo unafanya nini. Twende kwenye pumzi, maana hapo ndipo watu wanapovunjika.

Filimbi ya kulaza haina ridi. Mdomo wa chini unafunika kama theluthi ya tundu, pumzi inapasuka kwenye ukingo wa pili na sehemu yake inapotea nje. Hewa inakwenda nyingi kwa shinikizo dogo. Oboe ni kinyume kabisa: upenyo wa ridi ni mwembamba kama ufa, hewa inapita kidogo kwa shinikizo kubwa. Mpigaji wa oboe haishiwi hewa. Anajaa hewa iliyochoka, kifua kimebana, kichwa kinaanza kuzunguka. Ndiyo maana mwanafunzi wa oboe anafundishwa kupumua mara mbili: kwanza toa yote, ndipo uvute. Akifika kwenye pumziko la muziki na kuvuta tu juu ya ile ya zamani, mistari miwili mbele anakwama.

Ukimpa mtu wa teno oboe, anasukuma hewa ya teno. Ridi inafunga, sauti inakatika au inatoka kama bata. Ukimpa mtu wa oboe filimbi, anaminya. Sauti inakuwa nyembamba na oktava ya chini haitoki. Lateef unamsikia kabisa akibadili injini ya pumzi. Filimbi yake ina hewa ya ziada makusudi, hata mguno wa koo umo. Oboe yake imefungwa, kali, haina hewa inayovuja.

#9 MwanziMkavu
Sasa tunaongea. Na midomo yenyewe?

#10 Bi Klarineti
Teno: meno ya juu yanakaa juu ya mausipisi (kipande kinachoingia mdomoni), mdomo wa chini umekunjwa kidogo juu ya meno, pembe za mdomo zinaingia katikati kama mfuko unaokazwa kamba. Oboe: midomo yote miwili imekunjwa kufunika meno, ridi inaingia kidogo sana, karibu ncha tu. Basuni: midomo miwili pia, lakini taya ya chini inarudi nyuma na kulegea, ridi inaingia zaidi. Klarineti: kidevu kimenyooka kama pasi, mkazo zaidi kuliko saksafoni.

Kipimo ambacho hakidanganyi: puliza mausipisi peke yake bila ala. Ya alto itoe A halisi ya piano, ya teno G. Klarineti, mausipisi pamoja na kile kipipa chake, F#. Ridi ya oboe ya mtindo wa Marekani ukiipuliza yenyewe itoe C, ikiwezekana C mbili za oktava kwa pamoja. Teno ikitoa A au B unaminya, umetoka na mdomo wa oboe au klarineti. Rekebisha hapo kabla hujagusa ala. Dakika moja tu, inaokoa zoezi la saa nzima.

#11 Mdundo Sita
Dada, hili la mausipisi ya teno kutoa G nimelibandika ukutani.

#12 Fundi Pedi
Mnaongelea mdomo, mimi naongelea ridi, maana kwenye oboe nusu ya kazi iko mezani kabla ya kupuliza. Teno unanunua boksi la ridi namba 2½ au 3, unazungusha 4 kwa wiki, maisha yanaendelea. Oboe unatengeneza au unanunua kwa bei ya kutia huzuni.

Kwa asiyejua: mwanzi wa kipenyo cha milimita 10 hadi 10.5, umechongwa ndani, umekunjwa katikati, umefungwa kwa uzi wa nailoni juu ya bomba dogo lenye kizibo cha koki. Bomba la kawaida ni milimita 47. Ridi nzima ikikamilika ni kama 70 hadi 72.

Makosa matatu yanayorudi kila siku:

Uzi ukipita mwisho wa bomba hata mzunguko mmoja, ridi inakabwa, haitetemi, na ukiikwangua vipi haiponi. Fungua ufunge upya.

Ridi ikivuja pembeni, noti za chini hazitoki. Ziba bomba kwa kidole, puliza, utaona mapovu. Dawa ni kuzungushia utando mwembamba pale chini. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba inafanya kazi, ila mzunguko mmoja na nusu, usiifunike ridi kama bandeji.

Kuiloweka kupita kiasi. Dakika 2 hadi 3 kwenye kichupa cha maji ya uvuguvugu zinatosha. Ukiisahau robo saa, mdomo wa ridi unafunguka sana, inakuwa ngumu, halafu unalaumu ala.

Mtu anayepiga oboe wimbo mmoja tu kati ya kumi, kama Lateef usiku mwingi, ana tatizo la ziada: ridi inakauka ikimngoja. Lazima kichupa kikae jukwaani. Anayeiloweka kwa ulimi wakati pianisti anamalizia solo anacheza kamari.

#13 NotiTamu
Kwa hiyo siri ya Lateef ni kichupa cha maji 😂

#14 Kibonyezo
Narudi kwenye hoja. Mnamfananisha Lateef na wapulizaji wa maonyesho ya Broadway (maigizo ya muziki ya New York), na si sawa. Lateef anachagua ala moja kwa wimbo, mara nyingi. Sikiliza Eastern Sounds ya Septemba 1961, ile ya Barry Harris kwenye piano: oboe ina wimbo wake, filimbi wake, teno wake. Na ile xun ina noti tano tu, hivyo wimbo mzima umejengwa ndani ya noti hizo. Hakuna mahali anaruka toka teno hadi oboe ndani ya baa nne (vipimo vya muziki). Ana muda wa kubadili mdomo.

Akishika zote, hawajibiki kwa zote kwa wakati mmoja. Huo ndio mfumo.

#15 Chuo cha Mtaa
Ni kweli kwa albamu zake. Kwa Cannonball Adderley je? Alikuwa kwenye seksteti yake (bendi ya watu sita) 1962 hadi 1964. Kwenye albamu waliyorekodi klabu ya Village Vanguard Januari 1962 ana teno, filimbi na oboe, moja kwa moja mbele ya watu, amesimama kati ya alto ya Cannonball na koneti ya Nat, ndugu yake. Pale anapanga sauti na wenzake, akitoka kidogo kwenye toni wote wanasikika wabaya. Kwa hiyo hoja ya #1 kwamba hakuna aliyejua akikosea imekufa hapo.

#16 MwanziMkavu
Imeuawa mara ya pili. Sawa.

#17 Mzee wa Teno
Marahaba Bi Klarineti, nimechelewa kuitikia.

Kibonyezo, kwa faida ya vijana, eleza hao wa maonyesho wanafanya nini, maana wengi humu hawajaona kitabu chao.

#18 Kibonyezo
Mzee, kwa ufupi. Muziki wa maonyesho ya Broadway hauandikwi "saksafoni ya kwanza". Unaandikwa kitabu cha mpulizaji namba 1, 2, 3 na kuendelea, na kila kitabu kina ala kadhaa. Mfano unaotajwa sana ni kitabu cha tatu cha West Side Story, 1957: pikolo, filimbi, oboe, kongo lake la sauti ya chini, klarineti, klarineti besi, teno na baritoni. Mtu mmoja, kiti kimoja.

Kubadili ni baa 4 hadi 8, wakati mwingine 2. Kila ala ina kigingi chake sakafuni, kwa mpangilio uleule kila siku, mkono uende bila jicho. Mikanda miwili ya shingoni haifai, inanaswa. Ala iliyokaa dakika 20 imepoa, imeshuka toni, kwa hiyo unapuliza hewa ya joto ndani bila sauti ukiwa umefunga matundu, baa mbili kabla ya kuingia. Ukisahau, noti ya kwanza inaingia chini na kondakta anakutazama.

#19 Bi Klarineti
"Kongo lake la sauti ya chini" 😂 sema koranglè, ile oboe ndefu ya sauti ya chini, tutakuelewa.

#20 Kibonyezo
Koranglè. Shukrani.

#21 Mdundo Sita
Swali la zoezi. Kwa mwenye saa mbili kwa siku na ana teno, filimbi na oboe: aanze na ipi?

#22 Bi Klarineti
Filimbi kwanza, midomo ikiwa mibichi. Dakika 40: noti ndefu 15, halafu oktava bila ulimi, halafu skeli. Pumzika 5. Teno dakika 35. Oboe mwisho, 25 tu, ikiwa vipande vya dakika 8 na mapumziko katikati. Ukianza na oboe, midomo inakaza na damu haizunguki vizuri, filimbi inayofuata inakuwa mfu.

#23 Chuo cha Mtaa
Napingana na dada kwa heshima. Hiyo ratiba inatunza mdomo nyumbani lakini haifundishi kazi. Jukwaani hakuna atakayekupa filimbi kwanza. Angalau siku mbili kwa wiki geuza: oboe dakika 5, papo hapo filimbi, noti ya chini D, ishike kwa pigo 8 kwenye 60. Haikutoka? Tikisa midomo kama farasi, lamba, jaribu tena. Pima inachukua pumzi ngapi mpaka sauti irudi. Wiki ya kwanza pumzi 6 au 7, lengo ni 1.

#24 Bi Klarineti
Kwa aliyekomaa sawa. Kwa anayeanza ni kumfundisha kuminya kila ala. Mzee wa Teno ameshasema, miaka 7.

#25 Fundi Pedi
Na mikono jamani. Saksafoni, filimbi na oboe zote zinaruka oktava, ndiyo maana vidole vinafanana kwa mbali. Klarineti inaruka oktava na kwinti, hivyo noti ya chini na ya juu kwa kidole kilekile zina majina tofauti. Anayetoka saksafoni anapotea hapo.

Oboe nayo ina mtego. C#, D na Eb za katikati unafungua nusu tundu kwa kuviringisha kidole cha shahada cha kushoto, usikinyanyue. E hadi G# kibonyezo cha oktava cha kwanza, A hadi C cha pili. Mtu wa teno amezoea kidole gumba kimoja kufanya kila kitu. Basuni ndiyo balaa, gumba la kushoto lina funguo 9 hivi, na A, Bb, B, C za katikati unagusa funguo ya juu kwa haraka mwanzoni mwa noti, usipoigusa noti inapasuka.

#26 NotiTamu
Na funguo za wimbo? Bendi ikisema bluzi ya F?

#27 Kibonyezo
Teno inasoma G, klarineti G, alto D, filimbi na oboe F, basuni F kwenye ufunguo wa besi. Hatari iko kwenye sikio zaidi ya hesabu. Kidole unachokiita G kwenye teno kinatoa F ya piano. Kidole hichohicho kwenye oboe kinatoa G kweli. Anayepiga kwa kumbukumbu ya vidole anaingia toni nzima pembeni. Dawa ni kuwaza kwa namba, 1, b3, 4, b5, ukaacha majina ya noti.

#28 ZumariLaPwani
Nimesubiri muda mrefu kusema hili. Mnaiogopa oboe kama mgeni na ni jamaa yetu. Zumari ya Pwani ina ridi ya vipande viwili vile vile, na shanai aliyoipiga Lateef ni binamu yake. Tofauti kubwa: mpiga zumari anaingiza ridi yote mdomoni, midomo inakaa kwenye kisahani, hewa inazunguka puani na mashavu yamejaa, sauti haikatiki. Midomo haiigusi ridi, kwa hiyo hawezi kupinda noti kwa midomo, anapinda kwa vidole na pumzi. Mtu wa oboe akishika zumari anataka kubana, na ukibana haitoki.

Nadhani Lateef hakuwa anaongeza ala za Mashariki kama mapambo. Kila moja ilimfunza pumzi ambayo teno haimfundishi.

#29 Fundi Pedi
Na mti! Oboe na klarineti nzuri ni mpingo, na mpingo ni wa Lindi, Mtwara, Kilwa na ng'ambo ya Ruvuma. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC (shirika la kimataifa la usimamizi bora wa misitu) mwaka 2009. Unauzwa gogo, unarudi ukiwa ala ya mamilioni.

Ukipata oboe mpya ya mpingo: dakika 10 hadi 15 kwa siku wiki mbili za mwanzo, halafu ongeza polepole. Usiitoe kwenye kiyoyozi ukaipuliza hewa ya moto papo hapo. Ndani inavimba, nje bado baridi, kipande cha juu kinapasuka, kwa kawaida kupitia matundu ya vibonyezo vidogo. Maji yakiingia kwenye tundu la oktava sauti inagugumia. Weka karatasi ya kufungia sigara chini ya pedi, bonyeza taratibu, puliza upande wa tundu. Usiivute karatasi pedi ikiwa imebanwa, utaichana.

#30 Chuo cha Mtaa
Turudi kwa mwalimu, maana mada imesahau nusu yake. Shahada ya kwanza ya muziki Manhattan School of Music 1969, ya pili ya elimu ya muziki 1970. Tayari ni jina kubwa, ana miaka 49, anakaa darasani na watoto. Akafundisha Borough of Manhattan Community College kuanzia 1972. Udaktari wa elimu University of Massachusetts Amherst 1975, akilinganisha elimu ya Magharibi na ya Kiislamu. Halafu 1981 hadi 1985 akaenda Zaria, Nigeria, kufundisha jazz.

#31 Kibonyezo
Mpaka Zaria ulikuwa sawa. Ahmadu Bello University alikuwa mtafiti mwandamizi, na utafiti wake ulikuwa sarewa, filimbi ya Wafulani. Alikwenda kujifunza pumzi nyingine tena, akiwa na miaka 60. Kisha akarudi Amherst kufundisha hadi 2002.

#32 Chuo cha Mtaa
Nimesahihishwa, asante. Na hiyo inanipa maelezo mengine: darasa ndilo lililomtunza. Mwaka 1980 aliapa kutopiga tena mahali panapouzwa pombe. Kwa mpiga jazz hiyo ni kufunga karibu kila mlango wa kazi ya usiku. Mshahara wa chuo ndio ukampa nafasi ya kushika ala ambazo hakuna klabu ingemlipa azipige.

#33 Mzee wa Teno
Hapana. Miaka ya 1950 alikuwa na kazi ya kudumu Klein's Show Bar, Detroit, usiku baada ya usiku na bendi ileile. Hapo ndipo ala mpya zilijaribiwa mbele ya watu. Ahadi ya pombe imekuja mdomo umeshajengeka miaka 20.

#34 Bi Klarineti
Na kumbukeni alikuwa pia akifanya kazi Chrysler. Kwa hiyo "nafasi" haikuwepo. Kulikuwa na ratiba.

#35 Mdundo Sita
Kitabu chake cha skeli, ile hazina ya 1981, kinafaa kwa mtu wa ala nyingi?

#36 Kibonyezo
Kinafaa usipokisoma kama riwaya. Ni kurasa za skeli na ruwaza, maelezo machache mno. Chagua ruwaza moja. Kwenye teno, funguo 12, metronomu 60, noti mbili kwa pigo. Ikitoka safi ongeza 4, si 10. Kisha ruwaza ileile kwenye filimbi kwa toni ya piano. Hapo utagundua ulikuwa umeijua kwa vidole tu. Kwenye oboe punguza, funguo 5 zinatosha kwa wiki.

Ule mchoro wa duara wa John Coltrane uko humo, Coltrane alimpa Lateef mwenyewe.

#37 NotiTamu
Ule wenye siri za ulimwengu?

#38 Kibonyezo
Ule wenye skeli mbili za toni nzima zilizopangwa kwenye duara, na noti za jirani zimezungushiwa mistari. Siri za ulimwengu zimeongezwa na watu wa mtandaoni.

#39 ZumariLaPwani
Na mnamwita mpiga "jazz" wakati mwenyewe alilikataa hilo neno, aliliona la kudhalilisha. Muziki wake aliuita wa "autofiziosaikiki", unaotoka kwenye mwili, akili na roho ya mtu.

#40 Mzee wa Teno
Tutaandikaje hilo kwenye bango la ukumbi?

#41 Chuo cha Mtaa
Mbona hamumtaji Eric Dolphy? Alto, filimbi, klarineti besi, zote daraja la kwanza, na alifariki 1964 akiwa na miaka 36. Hiyo inavunja "miaka 7 kwa kila ala" ya Mzee.

#42 Mzee wa Teno
Dolphy alianza klarineti akiwa mtoto. Ukiacha filimbi, ridi moja zote, klarineti besi haiko mbali. Na Los Angeles alikuwa na Buddy Collette, naye mpulizaji wa kila kitu na mwalimu. Frank Wess wa Count Basie teno na filimbi, Roland Kirk saksafoni tatu kwa mpigo, lakini ridi moja zote. Anayeongeza ridi ya vipande viwili juu ya teno na filimbi ni mnyama mwingine.

#43 Bi Klarineti
Halafu ile albamu ya Lateef ya 1987 iliyoshinda Grammy kwenye kundi la New Age, ala zote kapiga mwenyewe, sauti juu ya sauti studioni. Pale hakuna kubadili mdomo haraka, anarekodi moja leo, nyingine kesho. Kwa hiyo Kibonyezo ana hoja, ila kwa Lateef wa uzeeni.

#44 Kibonyezo
Nachukua nusu ya ushindi.

#45 Mdundo Sita
Swali dogo la maikrofoni kabla uzi haujafungwa. Oboe jukwaani inasikika kama nyuki kwenye kopo.

#46 Fundi Pedi
Umeielekeza kwenye kengele ya chini, kama teno. Sauti ya oboe inatoka kwenye matundu yote, kengele inatoa noti chache za chini tu. Weka sentimita 40 hadi 60 juu, ikitazama mikono, pembeni kidogo usinase mlio wa vibonyezo. Filimbi iweke usawa wa mdomo lakini juu ya mkondo wa pumzi, ipitishe karibu na paji la uso. Kama maikrofoni ni moja kwa ala tatu, weka alama tatu za tepu sakafuni: ya teno nyuma, filimbi karibu, oboe katikati.

#47 Mdundo Sita
Tepu nyeupe ya mafundi bomba?

#48 Fundi Pedi
Hiyo haishiki sakafuni. Ya umeme, nyeusi.